Kamera ya Depo na Mikono ya Mapendo

Alhamisi, Bweremana. Mvua ya asubuhi imekwisha, ziwa limetulia, na mashavu yananiuma kwa kucheka.

Naandika nikiwa bado depo, ghala ninakofanya kazi, nimekaa juu ya magunia ya maharage ambayo Mama ameyakalia leo kwa saa nzima. Nikifika nyumbani nitakuta majirani, kila mmoja atataka nimsimulie, na nikisimulia mara ya nne nitaanza kuongeza chumvi. Afadhali niandike sasa, mambo yakiwa bado yamenyooka.

Mdogo wangu Mapendo hasikii. Alizaliwa akisikia, lakini alipokuwa na miaka miwili, kule kwetu Nyabiondo, homa kali ilimlaza majuma matatu, na alipoamka masikio yalikuwa yamefunga. Shule ya watoto kama yeye haikuwa karibu. Kwa hiyo lugha yake tuliitengeneza sisi wenyewe, jikoni na shambani. Mama ni fundo la kitambaa: unagusa nyuma ya kichwa. Mimi ni kovu la kidevuni. Kutaka ni kuvuta kiganja mpaka kifuani. Kukataa ni kupangusa viganja kama mtu anayejifuta unga. Watu waliopata kuijua lugha hiyo vizuri ni watano tu duniani, na wawili kati yao, baba na bibi, tumekwisha kuwazika.

Vita vilipofika kwetu tulitawanyika. Mimi, Mama na baba mdogo Bauma tulishuka upande wa ziwa. Mapendo alikuwa ameenda kung'oa mihogo mlima wa pili. Alipoona watu wanakimbia, alikimbia nao, na wale walikuwa wanaelekea msituni, upande wa Walikale.

Hiyo ni miezi kumi na minne sasa.

Aliangukia mikono mizuri. Kule Walikale kuna mshonaji mmoja, Mama Yvette, ambaye alimchukua katika ateliye, karakana yake, akamfundisha kushona. Huyo ndiye hutuandikia. Wiki iliyopita alituma ujumbe kwamba Mapendo amepata mchumba, fundi wa mbao anayeitwa Janvier, kwamba amekubali kuolewa, na kwamba watu wa kijana wanaomba jibu la familia ifikapo Siku ya Mungu, yaani Jumapili.

Baba mdogo alifurahi. Tangu baba afariki yeye ndiye anasema kwa niaba ya ukoo, na alianza palepale kuuliza nani ataazima viti. Mimi nilimsomea Mama ujumbe mara mbili. Mama aliendelea kuchambua mchele. Kisha akasema:

"Mutu hakubali na kinywa ya mwingine."

Baba mdogo akamwambia kwamba Mama Yvette ni mtu wa sala, hawezi kudanganya. Mama akajibu kwamba hajasema mtu amedanganya. Anataka tu kuona mikono ya mtoto wake ikisema.

Hapa lazima nikiri, maana kama siwezi kukiri hapa, nitakiri wapi? Nilikuwa upande wa baba mdogo. Nilijiambia: fundi wa mbao, kijana asiye na bunduki, tunataka nini zaidi? Haikunijia hata mara moja kwamba kuna mtu wa kuulizwa. Mimi ambaye tangu nina miaka saba nimekuwa mdomo wa Mapendo sokoni, kanisani na hospitalini, nilisoma neno "amekubali" nikapita.

Lakini Mama akisema hapana, ni hapana. Mama hajui kusoma. Mapendo hajui kusoma wala hasikii. Barua haiwafai, sauti haiwafai. Kati yao kuna kitu kimoja tu kinachopita, nacho ni macho.

Simu yangu kubwa ilibaki kwenye barabara ya Sake, mikononi mwa watu wenye silaha walioniomba kwa adabu sana. Nimebaki na kidude cha vitufe. Jumatatu tulienda kwa jirani yetu Solange kuazima simu yake. Tuliiegemeza kwenye kopo la chumvi ili Mama awe na mikono yote miwili. Ikaanguka. Tukaiegemeza tena, mtandao ukaganda, na picha pekee tuliyopata ilikuwa ya paji la uso la Mapendo. Isitoshe, macho ya Mama yamechoka. Alisema vidole vya mtoto wake kwenye kioo kile vinafanana na miguu ya inzi.

Mama alirudi nyumbani akiwa amebeba mikono yake kama vitu alivyokatazwa kuvitumia.

Jumanne nilikuja kazini na hasira. Mimi ni karani wa depo ya Papa Muhindo, mfanyabiashara wa Butembo anayenunua maharage na kuuza mafuta na sabuni. Barabara zilipofungwa na yeye kubaki kwao Butembo, aliwatuma mafundi waweke hapa sahani ya setilaiti, na juu ya mlango wakafunga kamera ili aangalie mali yake akiwa mbali. Kwa hiyo depo ina mtandao mzuri kuliko nyumba yoyote hapa Bweremana, na ina kompyuta yenye kioo kikubwa. Ila kompyuta yenyewe ni ya zamani, ni lile sanduku la kuweka chini ya meza. Haina kamera.

Kumbe kamera ilikuwa inanitazama.

Niliinua macho nikaiona pale juu ya mlango. Picha yake huwa naifungua kwenye kompyuta kila jioni kabla ya kufunga depo: meza, magunia, utosi wangu. Nikajiuliza, ikiwa kompyuta inaiona picha hii, kwa nini isiipeleke Walikale?

Nilifungua programu ya kupigia simu za video nikajaribu. Ikaniambia hakuna kamera. Nilikuwa naitazama kamera, kamera inanitazama, na mashine inasema hakuna. Baadaye nilielewa. Programu ile hutafuta kamera iliyochomekwa kwenye kompyuta kwa waya wake. Hii ya mlangoni haijachomekwa popote kwenye kompyuta. Inapitia kwenye mtandao wa depo, ina anwani yake na neno lake la siri, na programu ya simu haina habari nayo.

Nilitafuta mtandaoni kwa Kifaransa mpaka saa ya chakula ikapita. Mtu fulani, Mungu ambariki popote alipo, alikuwa ameeleza pole pole kama anayemweleza shangazi yake. Kuna programu ya bure ambayo unaipa anwani ya kamera ya mtandao, nayo inachukua picha, kisha yenyewe inajitambulisha kwa kompyuta kwamba ni kamera. Kamera ya kujifanya. Kompyuta inaamini, na programu ya simu inaamini.

Niliishusha kwenye kompyuta huku mvua ikinyesha juu ya mabati. Ikaomba anwani, nikaipata. Ikaomba neno la siri, nikakwama. Fundi aliyefunga kamera alirudi Goma zamani na namba yake haipatikani. Nilitafuta kwenye daftari, kwenye droo, nyuma ya sanduku la kompyuta. Hatimaye nililikuta limeandikwa kwa kalamu chini ya kifuniko cha katoni ya kamera, katoni ambayo sisi tunawekea misumari. Nililiandika, nikabonyeza, na magunia ya Papa Muhindo yakatokea mbele yangu.

Nilicheza. Peke yangu, kati ya magunia, nilicheza.

Nilicheza mapema. Nilipofungua programu ya simu, safari hii ilikubali kwamba kamera ipo, lakini picha ilikuwa nyeusi. Jumatano nzima nyeusi. Nilizima, nikawasha, nikafuta, nikaweka upya. Nilipanda ngazi nikapangusa kioo cha kamera na pindo la kitenge, ingawa nilijua kabisa kwamba kioo hakina kosa. Alasiri niligundua kosa langu, na lilikuwa dogo kiasi cha kuaibisha. Nilikuwa nafungua programu ya simu kwanza, halafu ndiyo naiwasha kamera ya kujifanya. Yapasa kuanza na kamera. Programu ya simu ikifunguka, ikute mwenzake ameshafika.

Nilifunga vyote, nikaanza upya kwa mpangilio, na nikajiona.

Nilijiona nimechelewa. Nikiinua mkono, mkono wangu kwenye kioo ulikuwa bado chini, ukainuka baada ya sekunde nne hivi. Kwa watu wanaosema kwa mdomo, hilo ni usumbufu. Kwa watu wanaosema kwa mikono ni kama kuongea na mtu aliye bonde la pili. Nikarudi kwa yule mtu wa Kifaransa. Alikuwa ameandika kwamba kamera kama hizi hutoa picha mbili, moja kubwa na nzito, nyingine ndogo na nyepesi, na kila moja ina anwani yake. Nikaichukua ile ndogo. Sekunde nne zikawa mbili.

Sauti haikupita kabisa. Mtu mwingine angelia. Mimi sikuitafuta hata dakika moja.

Halafu nikakumbuka kwamba sijaomba ruhusa. Naam, nilianza kazi kwanza, ruhusa nikaiacha nyuma, na hilo pia nalikiri. Nilimpigia Papa Muhindo kwa kidude changu cha vitufe nikamweleza kwa maneno mengi yaliyozunguka. Aliniacha nimalize.

"Clarisse," akasema, "tangu juzi nakuona mu kamera. Unaangalia juu kama mutu anasali, unapanda ngazi, unacheza. Nikamwambia bibi yangu, mama ya watoto, huyu binti iko na shida."

Nilitamani ardhi ifunguke. Nikamweleza upya, safari hii bila kuzunguka: mdogo wangu hasikii, mama yangu hasomi, Siku ya Mungu tunatakiwa kutoa jibu. Akauliza tutazungumza saa ngapi. Nikamwambia kesho saa nne asubuhi.

"Saa nne mimi nafunga yangu, sitaangalia. Mambo ya mama na binti haiko ya depo."

Namwandika hapa kwa shukrani.

Leo basi. Mama alifika saa tatu akiwa na kitenge chake cha Noeli, amejipaka mafuta mpaka viwiko. Baba mdogo alimfuata akiwa na uso wa mtu aliyeletwa ushahidini. Kamera haikuweza kushuka kwa sababu waya ni mfupi, na nilipoiinamisha mpaka mwisho wa shingo yake ilimwonyesha Mama kuanzia nywele mpaka kidevu tu. Mikono haikuonekana. Kwa kuwa kamera haishuki, tukampandisha Mama. Baba mdogo, ambaye hakuwa anaitaka shughuli hii hata kidogo, ndiye aliyebeba magunia. Alipanga matatu, akajaribu kukaa mwenyewe, akaongeza la nne, akayapigapiga yawe sawa. Kioo cha kompyuta tulikiweka juu ya pipa tupu la mafuta, mbele yake. Mama alipanda akakaa pale kama askofu.

Saa nne na dakika chache, Mapendo akatokea.

Alikuwa ameshikiwa simu na Mama Yvette, nyuma yake kuna cherehani na pazia la bluu. Amekuwa mtu mzima. Nywele amesuka. Alituangalia, akaanza kucheka, maana alikuwa anamwona mama yake kutoka juu, katikati ya magunia, kama mtu aliyemo ndani ya sufuria. Mama alinyoosha mkono akagusa kioo, kisha akaurudisha haraka, akagusa shavu lake mwenyewe mahali ambapo Mapendo ana kishimo. Hilo ndilo jina lake.

Mapendo akagusa nyuma ya kichwa. Mama.

Baba mdogo alitoka nje kidogo. Akasema anaangalia mvua. Mvua ilikuwa imekwisha tangu saa mbili.

Mwanzo walivurugana. Mama aliuliza, na kabla jibu halijafika akauliza tena. Mapendo akajibu la kwanza wakati Mama anauliza la tatu. Nikamgusa Mama goti, nikamweleza kwamba picha inachelewa, aulize jambo moja, kisha aweke mikono mapajani na asubiri. Akafanya hivyo. Mazungumzo yakakaa sawa. Umekonda, alisema Mapendo. Wewe umenenepa, alisema Mama, na alisema kwa sifa. Wanakupa kula? Wananipa, na mihogo ya huku ni mizuri kuliko yetu. Mama alikataa katakata kuhusu mihogo.

Halafu Mama akauliza. Alionyesha mwanaume, urefu wa mabega. Akavuta kiganja kifuani, akamnyooshea Mapendo kidole. Kisha akageuza: viganja vingi vinavuta kutoka nje, vinamvuta Mapendo. Akaweka mikono mapajani. Maana yake ilikuwa wazi hata kwa baba mdogo aliyekuwa amerudi mlangoni: unamtaka wewe, au wanakutaka wao?

Mapendo hakusogea.

Sekunde mbili zikapita, tano, kumi. Niliinuka. Nilijua picha imekufa, saa hii kati ya saa zote. Mkono wangu ulikuwa tayari umefika kwenye meza kuzima na kuwasha upya, na hapo nikaona lile pazia la bluu nyuma yake linapepea.

Picha ilikuwa hai. Mapendo alikuwa anafikiri.

Sijui kama nimewahi kumwona mdogo wangu akifikiri. Siku zote watu wakimuuliza jambo, mimi nilijibu kabla mikono yake haijainuka. Nilisema anataka, hataki, ameshiba, anaumwa wapi. Nilikuwa na haraka, na watu walikuwa na haraka. Nilirudi nikakaa chini.

Kisha mikono yake ikaanza, na ilisema mengi. Janvier alikuja ateliye kutengeneza meza. Alijaribu kusema naye kwa ishara, akakosea vibaya, Mapendo akacheka. Akaja tena, akakosea tena, Mapendo akacheka tena. Watu waliokuwepo waliona anacheka wakasema: amekubali. Hakuna aliyemuuliza. Mama Yvette nyuma ya simu hakujua yanayosemwa, naye alikuwa anatabasamu kwa upendo kabisa.

Namtaka, alisema Mapendo, kiganja kifuani. Lakini siyo Siku ya Mungu. Akaonyesha cherehani: kwanza amalize kujifunza. Akagusa nyuma ya kichwa: kwanza amwone Mama, siyo kwenye kioo. Halafu aulizwe, yeye, mbele ya watu, na wangoje ajibu.

Mama aligeuka akanitazama mimi na baba mdogo.

Mapendo akagusa kidevu chake, mahali pa kovu langu. Yuko wapi? Nikapanda juu ya magunia kando ya Mama. Akaninyooshea kidole, akaonyesha kinywa, akapangusa viganja. Wewe pia hukuniuliza.

Sisi hatuna ishara ya msamaha iliyo nzuri. Tuna ile ya utotoni tu, ya kuvuta sikio lako mwenyewe kama mtoto aliyemwaga maziwa. Nililivuta. Niliyavuta yote mawili, na machozi yalikuwa yananitoka. Nikasubiri sekunde zangu mbili. Akaniangalia, akacheka, akaniambia niache kabla hayajang'oka.

Baada ya hapo ilikuwa sherehe. Janvier mwenyewe alikuwa nje ya ateliye anasubiri, ana vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi. Mapendo akamvuta ndani. Alisimama wima kama mbele ya padri, akainua mikono amsalimie mama mkwe, akakusudia kusema "Mama, nakuheshimu". Alichosema, kwa lugha yetu, ni "Kuku, nina njaa". Mama alicheka mpaka nikamshika asianguke kutoka juu ya magunia. Kisha akajifuta macho na kuanza kumfundisha, pole pole, vidole hivi, siyo vile, rudia. Kijana alirudia na kurudia, sikio limemwiva kwa aibu, na hakukimbia. Mama hakumpa jibu lolote kuhusu ndoa. Alimpa maneno sita, akamwambia akiyajua vizuri atampa mengine.

Tulipozima, baba mdogo alianza kuteremsha magunia bila kuambiwa. Alipofika la mwisho alisimama.

"Muandikie Mama Yvette," akaniambia. "Sema ukoo umemusikia mutoto. Watu wa kijana wangoje."

Niliandika hapohapo. Mama Yvette alijibu baada ya muda mfupi, akaomba radhi kwa moyo wote, akauliza kama na yeye anaweza kufundishwa ishara hizo. Papa Muhindo naye alipiga kuuliza kama sasa anaweza kufungua picha yake. Nikamwambia afungue, magunia yake yote yapo. Akasema wiki ijayo Alhamisi, saa nne, atafunga tena.

Nilimsindikiza Mama mpaka kwenye njia ya nyumbani. Alitembea mbele yangu, vidole vyake vinasogea kidogo kidogo pembeni ya kitenge, bado anaongea. Nilimwambia kwamba Alhamisi nitaomba waya mrefu zaidi ili asipande tena juu ya magunia, na kwamba nitakaa karibu naye nimsaidie wakivurugana.

"Waya, sawa," akasema. "Kukaa, hapana. Utawasha mashine yako, utatoka inje, utafunga mulango. Siye tuko na mambo yetu."

Miaka ishirini nimekuwa mdomo wa Mapendo, na leo nimefukuzwa kazi kwa sentensi moja. Nimecheka. Imeniuma kidogo pia, siwezi kusema haijaniuma.

Nimekubali. Kamera kwanza, programu ya simu baadaye, nitahakikisha picha inatembea, halafu nitatoka.

Ila mlango wa depo hii una ufa mpana kama kidole, usawa wa jicho langu kabisa. Je, nitaweza kutochungulia?